Magunia Hayamo Kwenye Gemu

Jumatatu, 16 Juni

Insha kumi na nane za Form Four. Kumi na mbili zinaanza na "Hapo zamani za kale". Nimezichapa kalamu nyekundu mpaka kidole kinauma. Na hii wanaiita likizo.

Kila nikimaliza insha mbili nashika simu. Siwezi kujizuia. Gemu letu lina siku kumi tu tangu litoke na mimi nasoma maoni kuanzia nikiamka.

Leo mhakiki mmoja wa Nairobi kaandika ukurasa mzima. Anasema Ng'ambo, gemu letu, ni la kwanza kumfanya aweke pedi ya kuchezea chini na kutoka nje kupumua. Anasema aliyeandika hadithi ile ana roho ngumu. Huyo ni mimi! Sesilia, mwalimu wa Kiswahili, Katubuka, Kigoma, nyumba yenye ufa kuanzia mlangoni hadi dirishani. Nimeisoma mara nne. Mara ya tano nikamsomea mdogo wangu Deo. Akasema roho ngumu kweli, hata chai hujapika. Mjinga.

Mwingine wa Ulaya kasema ni sinema iliyojifanya gemu. Unatembea sana, unatazama sana, unabonyeza kidogo. Nyota tatu. Apigwe na radi.

Wachezaji ndio wakali. "Gemu gani halina bunduki?" "Nimelia mbele ya mke wangu, mnirudishie bando langu." Halafu wote wanarudi palepale, kwenye kamba. Wewe ni nahodha unayewavusha watu wanaokimbia vita. Boti lako lina injini na linavuta boti la pili. Risasi zinapigwa. Boti la nyuma linajaa maji, linakuzamisha na wewe. Unapewa panga na sekunde kumi na mbili. Ukikata kamba, wa nyuma wanakufa. Usipokata, mnakufa wote na gemu linakurudisha kwenye sekunde zilezile. Mpaka ukate.

"Mnatulazimisha!" wanapiga kelele. Ndiyo, tunawalazimisha. Hiyo ndiyo hadithi.


Jumatano, 18 Juni

Gungu, banda la gemu la Egide. Ana TV kubwa kuliko zote mtaa ule, na ananipenda kwa sababu gemu linaongea Kiswahili. Kijana wa miaka thelathini hivi. Mrundi, kakulia kambini, Kiswahili chake kina Kirundi ndani. Ananiita Madam Sesi.

Leo damu imemwagika. Fundi mmoja wa pikipiki alishika pedi, akafika kwenye kamba, akagoma kukata. Akazama. Akagoma tena. Akazama mara nane. Watu nyuma wanamtukana. Muuza nyama mmoja akampokonya pedi, akakata, panga likapita, kelele za watoto kwenye spika, halafu kimya. Fundi akageuka akampiga kichwa cha mdomo. Meno mawili chini. Kiti kikavunjikia mgongoni kwa mtu ambaye hata hakuhusika. Gauni langu lina damu na si yangu.

Nilifurahi. Niandike ukweli, nilifurahi mpaka nikaona aibu. Miaka kumi na moja nafundisha fasihi na sijaona mtu akipigania sentensi.

Egide aliwatoa wote kwa mkanda. Alipokuwa anafuta sakafu akaniuliza sauti ya nahodha tumeitoa wapi. "Inanisisimua mwili, Madam. Hasa pale anapofika ufukweni." Nikamwambia ni mwigizaji wa Dar.

Uongo. Ni Baba.


Jumamosi, 21 Juni

Niandike hapa, maana kwingine siwezi.

Baba alikuwa nahodha kabla sijaanza shule. Mimi namjua fundi seremala, mzee wa randa na misumari, asiyekanyaga ufukwe. Miaka mitatu iliyopita tulitoka kumzika Mama, akakaa kwenye kiti cha jikoni, akasema mara moja tu. Mwaka wa vita ng'ambo ya ziwa alivusha watu. Alivuta boti la pili. Likajaa maji. Akakata kamba. "Hakukuwa na njia nyingine," akasema, na mpaka leo hajarudia.

Vijana wa Dar walipotafuta hadithi ya gemu, niliwapa hiyo. Nikabadilisha jina. Nikabadilisha sura, mwendo, rangi ya boti, hata kijiji. Sikumwambia mtu kwamba ni baba yangu. Baba mwenyewe nilimwambia naandika habari za ziwa, akaitikia mm.

Kisha wakataka sauti. Manahodha wa zamani kila mmoja alikuwa na mwito wake, wa kuujulisha ufukwe kwamba kaja fulani. Mke anausikia yuko jikoni anaweka maji ya ugali. Nikamwomba Baba anipigie wake. Alikataa wiki nzima. Siku aliyokubali alisimama nyuma ya karakana, akafumba macho, akaita: "Nchi kavu hiyooo! Shuka na roho yako!" Simu ikarekodi. Kisha akaegemea ukuta. Nikadhani ni uzee.

Wahakiki wote wanausifu mwito ule. Wote!

Leo mchezaji mmoja kaandika: "Kwa nini nahodha asingewavuta wa nyuma wakaingia boti la mbele? Nafasi ipo, naiona." Watu mia wamemuunga mkono. Nikamjibu kwa jina langu kamili kwamba aliyekaa kwenye kochi asimfundishe nahodha kazi. Nikaongeza neno lingine ambalo mwalimu hapaswi kuandika. Sijutii.


Jumapili, 22 Juni

Misa. Baada ya misa vijana wa Dar wamepiga simu wakipiga vigelegele. Gemu limeingia kwenye orodha ya tuzo. Kipengele cha hadithi na kipengele cha sauti.

Nilimwambia Baba sauti yake inashindania tuzo. Akaacha kula. Akauliza wangapi wameisikia. Nikasema maelfu. Akanawa mikono, sahani imejaa.


Jumatano, 25 Juni

Nimeingia sasa hivi, hata viatu sijavua. Naandika hivyohivyo.

Banda la Egide lilikuwa limejaa kwa sababu ya habari za tuzo. Nyuma ya banda ni uani kwao. Mama yake, Mama Esperansi, anatwanga kisamvu huko kila siku, nimemsalimia mara nyingi. Shikamoo Mama, marahaba mwalimu, basi. Mwanamke mfupi, mabega mapana. Haangalii gemu, anasema ni kelele.

Leo mtu alikata kamba, akaendelea, akafika ufukweni. Spika ikaita: "Nchi kavu hiyooo! Shuka na roho yako!"

Kutwanga kukanyamaza.

Akaingia na mchi mkononi, majani ya kisamvu yamemganda mpaka kwenye viwiko. Akasema warudishe. Egide akacheka, akadhani mama kanogewa. Wakarudisha. Akasikiliza. Akasema rudisheni nyuma zaidi, nione. Wakamwonyesha kamba, panga, watu wanalala chini ya turubai, boti la nyuma linaachwa. Alitazama amesimama, hata kope hakupepesa.

"Yemwe, jamani," akasema. "Tuliambiwa kamba ilikatwa na risasi."

Halafu akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, akawa anatafuta kitu mle ndani ya boti la mbele. Akauliza, si kwa nguvu, "Magunia yako wapi?"

Akauliza tena. Akageuka, akatuuliza sisi. "Nilikaa juu ya magunia. Magunia ya kahawa, boti zima. Egide mgongoni kwangu. Magunia yako wapi?"

Nilijua hapohapo. Ni boti la Baba, na nafasi ilijaa magunia.

Aliupiga mchi kwenye kioo. Mara ya kwanza kikapasuka, mara ya pili mchi ukapita mpaka ukutani. Watu wakakimbia wakikanyagana. Egide alijaribu kumshika, akapata mchi wa begani kutoka kwa mama yake mzazi! Mama alikuwa anapayuka kwamba mume wake alikuwa boti la nyuma. Na binti yake. Miaka sita. Ndiye Esperansi mwenyewe, mama anaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Egide ananitazama. "Madam. Hiyo sauti ni ya nani?"

Nilikimbia. Nilimwacha mama wa watu kwenye vioo na nikakimbia.


Alhamisi, 26 Juni

Nimemuuliza Baba. Karakanani, saa tatu asubuhi, alikuwa anapiga randa mbao za mlango.

Nikasema, "Baba, boti la mbele lilikuwa na magunia?"

Akanipiga kofi. Nina miaka thelathini na saba. Sikumbuki kama aliwahi kunipiga utotoni. Nilianguka juu ya mbao, msumari ukaingia kwenye kiganja. Akautoa yeye mwenyewe kwa koleo, akafunga jeraha kwa kitambaa, akarudi kupiga randa.

Basi nimejibiwa.

Namchukia. Nimemwosha nguo zake jioni, nikiwa namchukia.


Ijumaa, 27 Juni

Wamejua. Kigoma ni ndogo. Aliyewahi kuwa nahodha na sasa haendi ziwani, ana binti mwalimu mwenye gemu, wangapi?

Saa kumi alasiri mawe yalianza. La kwanza juu ya bati, tukadhani embe. La pili likavunja dirisha la chumba changu. Baada ya hapo sikuhesabu. Nje walikuwa kama arobaini, wengine wa Gungu, wengine wa Katubuka hapahapa, nimewafundisha watoto wao. Wanaita, "Mkata kamba! Toka!" Jiwe moja limempiga Baba shavuni alipokuwa anafunga dirisha. Hakuinama wala hakujifunika. Nilimvuta kwa mkanda wa suruali.

Mjumbe wa mtaa alikuja, akazungumza nao, wakaondoka. Waliacha mbuzi wetu kakatwa miguu ya nyuma, bado hai, analia. Deo akammaliza kwa panga. Akaendelea kulitazama lile panga muda mrefu baada ya mbuzi kunyamaza.

Mtu alirekodi Mama Esperansi akivunja TV. Video imefika Dar, Nairobi, kila mahali. Maoni: "Hawa jamaa wanajua kutangaza gemu." "Mama kaigiza vizuri." Nyota zinaongezeka. Nimezima simu.


Jumamosi, 28 Juni

Deo kaondoka asubuhi na nondo chini ya koti. Nilimuona. Nikadhani ni ya kujilinda. Hapana, nisijidanganye kwenye daftari langu mwenyewe: nilijua, na nilikuwa na hasira ya mawe, nikamwacha.

Alimkuta Egide barabarani anabeba TV iliyovunjika kwa fundi. Hakumuuliza kitu. Nondo ya kwanza mkononi, mfupa ukasikika, waliokuwepo wote wanasema ulisikika. Ya pili mguuni. Egide chini, juu ya TV. Deo anapiga na kupayuka kwamba baba yake si muuaji.

Egide ndiye aliyelinadi gemu langu mji mzima. Alinunua spika mpya kwa ajili yake.


Jumapili, 29 Juni

Sikwenda misa.

Vijana wa Gungu wamempata Deo njia ya Simbo, alikuwa anakimbilia kwa shangazi. Pikipiki yake wameitia moto. Yeye wamempiga kwa matofali, mateke, na mnyororo wa pikipiki yake mwenyewe. Walisimama kwa sababu gari la polisi lilipita kwa bahati, si kwa sababu walishiba.

Kaletwa nyumbani baada ya kushonwa. Jicho moja halifunguki. Taya limefungwa. Anaandika kwenye karatasi, "Wakija tena naua mtu." Herufi zimenyooka kabisa, yeye ambaye mwandiko wake ulikuwa ukinitia aibu shule nzima.

Baba alisoma ile karatasi. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akakaa pembeni ya kitanda cha Deo mpaka chai ikapoa.

Nimeogopa leo. Sijaogopa hivi tangu nizaliwe. Atakayefuata hatapigwa tu, atakufa. Sijui kama ni Baba, Deo au Egide. Na gemu ni langu.


Jumanne, 1 Julai

Baba kavaa suti ya harusi za watu. Kanyoa. Akasema anatoka. Nikajua anakwenda wapi, nikasimama mlangoni. Akanisogeza kwa mkono mmoja, taratibu, akatoka.

Alitembea kwa mguu kutoka Katubuka mpaka Gungu, jua la saa nne, katikati ya barabara. Mimi hatua kumi nyuma. Watu wanatoka madukani. Mtu akamtemea mate, yakatua kwenye kola. Hakuyafuta. Waliomfuata waliongezeka kila kona lakini hakuna aliyemgusa. Nadhani walitaka kuona.

Mama Esperansi alikuwa uani, anatwanga. Egide kwenye mkeka, mkono na mguu vina plasta. Baba akavua kofia, akamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mama."

Mama Esperansi akaendelea kutwanga.

Baba akasema yote wima, kwa Kiha, kinachosikilizana na Kirundi, na pale Kiha kilipomshinda, Kiswahili. Nayaandika kama alivyosema. Magunia yalikuwa yake. Si ya mfanyabiashara yeyote, yake, kahawa ya magendo, aliazima boti la ndugu yake kwa ajili ya kahawa, na watu aliwakuta ufukweni akawaonea huruma. Akina mama wenye vichanga akawaweka mbele, juu ya magunia, chini ya turubai. Wengine nyuma. Risasi zilitoboa boti la nyuma. Walipiga kelele, tupa magunia, tuvute. Nafasi ingepatikana. Angetupa kumi tu wangetosha wote.

"Nilitupa moja," Baba akasema. "La pili nililishika, nikalirudisha."

Mchi ulikuwa umesimama.

"Mumeo alifuata kamba kwa mikono, ndani ya maji. Alifika. Alishika ukingo wa boti. Nilimpiga mkono kwa panga."

"Kwa ubapa," Mama Esperansi akasema. Hakuwa anauliza, alikuwa anamwomba.

"Sikumbuki."

Pigo la kwanza la mchi lilimpata mbavuni. Nilisimama. Naandika hivi ili nisije nikasahau baadaye: lile la kwanza sikuzuia. Nilitaka apigwe. La pili begani, akapiga magoti. La tatu kichwani, upande, damu ikaruka mpaka kwenye kinu, juu ya kisamvu. Hapo nikapiga kelele, nikakimbia, na Egide akanidaka gauni kwa mkono wake mzima, akaning'ang'ania akiwa amelala palepale mkekani. Tulivutana. Nilimkanyaga mguu wa plasta makusudi. Hakuniachia.

Baba hakuinua mkono hata mara moja. Alikuwa anaangalia chini, kama mtu anayenyolewa.

Sijui mapigo mangapi. Mama Esperansi aliacha mwenyewe. Mchi ulimponyoka, akakaa chini kwenye vumbi mbele ya Baba, wanatazamana, wanahema. Kisha Mama Esperansi akaanza kulia kwa sauti ambayo sitaiandika.

Waliokuja kuona wakaanza kuondoka mmojammoja. Hakuna aliyerusha jiwe.


Jumatano, 2 Julai

Hospitali ya mkoa. Mbavu nne. Fuvu lina ufa. Figo moja inatoa damu.

Bila PF3, ile fomu ya polisi, hawatibu majeraha ya kipigo, kwa hiyo polisi alikuja na karatasi. Baba akasema ameteleza bafuni. Polisi akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Mzee, umeteleza mara ngapi?" Baba akasema mara nyingi. Polisi akaandika ameteleza.

Deo kaletwa kumwona. Baba akatoa ile karatasi ya Deo mfukoni mwa suti iliyojaa damu, akaitafuna mbele yake, akaimeza. Deo akaanza kulia na taya lile lililofungwa. Kesho anakwenda Simbo kwa shangazi. Kakubali.

Hicho kipande cha karatasi ndicho kitu pekee Baba alichokula leo.


Alhamisi, 3 Julai

Nimewaandikia vijana wa Dar waitoe sauti. Wamejibu kwa heshima kwamba sauti ndiyo inayosifiwa kuliko vyote, na tuzo iko njiani, na je, niko salama? Nikaandika tena. Hawajajibu.

Nikamtafuta yule mchezaji niliyemtukana. Maoni yake yapo bado. Nikaandika chini yake: "Ulikuwa sahihi. Nafasi ilikuwepo. Naomba unisamehe."

Baada ya saa moja majibu sabini. "Kumbe kuna mwisho wa siri!" "Unaupataje? Ukitupa mizigo?" Watu wamerudi kucheza upya, wanabonyeza kila kona ya boti, wanatafuta magunia. Hayamo. Sikuyaandika kwa sababu sikuyajua, na sikuyajua kwa sababu sikuuliza. Mtu kaniambia hakukuwa na njia nyingine, mimi mwalimu wa fasihi, nikaamini moja kwa moja! Kwa kuwa ilifaa hadithi.


Jumamosi, 5 Julai

Baba hali chakula. Si kwamba hawezi. Kijiko kikifika anafunga mdomo.

Dripu wameweka, kaing'oa. Wakaweka tena, wakamfunga mkono kitandani kwa bandeji. Daktari kaniita pembeni. Kasema mzee wa umri ule, figo ile, asipokula tusihesabu wiki.

Nilimfokea wodini mbele ya wagonjwa wote. Nikamwambia ni mwoga, alikimbia siku ile na anakimbia sasa. Nikambana taya kwa vidole nikamimina uji kwa nguvu. Akautema wote kifuani kwangu. Nesi akanitoa.

Nimepiga ukuta wa choo mpaka kidonda cha msumari kikafunguka. Simchukii tena. Ingekuwa nafuu ningemchukia.


Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Mji umetulia, ofisi zimefungwa.

Saa mbili asubuhi Mama Esperansi aliingia wodini. Kitenge safi, kapu mkononi. Egide nyuma yake na gongo moja. Nilisimama katikati yao na kitanda. Kapu lile, nilidhani ana kisu. Akanipita tu.

Akavuta kiti. Akatoa chupa ya uji na kikombe cha plastiki. Baba alifumba macho, akafunga mdomo.

Mama Esperansi alimngoja. Taratibu kabisa. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya kawaida ya kuniitikia shikamoo:

"Umwana wanje, mtoto wangu, ulimpandisha wewe kwenye boti la nyuma. Alikuwa amekaa upande gani?"

Baba akafumbua macho.

"Mbele," akasema. "Karibu na kamba."

"Alikuwa analia?"

"Hapana. Alikuwa ananiuliza mambo ya injini."

Mama Esperansi akaitikia kwa kichwa. Akafikiri. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyajali. Akamimina uji kikombeni, akaupuliza, akamsogezea.

"Mzee, kula," akasema. "Wa kuniambia ni wewe tu. Sijamaliza kukuuliza."

Baba alikunywa. Nusu kikombe, polepole, mwingine ukamwagikia shingoni, Mama Esperansi akamfuta kwa ncha ya kitenge, kwa nguvu kidogo. Kisha akageuka akanikuta nimesimama, nimeshika kalamu na daftari hili. Sikujua kama nimelitoa.

"Wewe mwalimu, toka nje," akasema. "Haya si yako."

Nimetoka. Nimekaa kwenye benchi la korido pamoja na Egide, mguu wake wa plasta umenyooshwa njiani, manesi wanauruka. Hatujasalimiana. Sauti zao zinasikika kwa mbali, anauliza, anajibu, lakini maneno siyapati. Nimekuwa hapa tangu saa mbili na sasa ni saa sita. Bado anauliza.